Siku Mtu wa Reli Alipopanda Fodi

"Baba, kwa nini hatukupanda treni?"

Mkamburi aliuliza swali hilo akiwa na miaka saba, amekaa juu ya debe tupu kando ya barabara ya Mombasa, nyikani mbele ya Maungu, vumbi jekundu limemjaa mpaka kwenye kope. Fodi, gari kuukuu la Musyimi mwenye bucha, ilikuwa imefunuliwa boneti, inafuka mvuke kama sufuria ya viazi. Baba yake, Philemon, alimsikia vizuri. Alimtazama, akaitazama reli iliyopita pale karibu, kisha akamwambia anywe maji kidogo. Hilo halikuwa jibu, na hata mtoto wa miaka saba alijua.

Swali lilikuwa na haki yake, maana Philemon alikuwa mtu wa reli. Kazi yake pale Voi ilikuwa kugeuza njia: treni ya Mombasa ishike njia yake, ya Taveta ishike yake. Alikuwa ameifanya miaka ishirini na miwili, na hakuna behewa hata moja lililowahi kupotea mikononi mwake. Saa hakuwa nayo, lakini watu wa nyumba za reli walipotaka kujua wakati walimuuliza yeye. Akisikiliza chuma kwa wayo wa mguu, anakwambia treni imefika wapi. Na kila mwaka alipewa pasi ya kusafiri bure na jamaa yake. Mtu wa namna hiyo anapakiaje mama yake, mke wake na binti yake kwenye gari la mwenye bucha?

Safari yenyewe ilikuwa ya Alexander, kifungua mimba wa Philemon. Mwaka ule wa 1951 alikuwa amepata nafasi ya kwenda kusoma Uhindi, na meli yake ilikuwa ing'oe nanga Kilindini siku ya Alhamisi, saa kumi na moja jioni. Wiki mbili kabla alitangulia Mombasa kwa mambo ya sindano na karatasi. Nyumbani aliacha mama aliyejaa furaha, na baba asiyesema naye.

Kisa kilikuwa karatasi. Philemon alikuwa amemwombea mwanawe kazi ya ukarani pale stesheni, akangoja amwambie. Kumbe Alexander ameshaomba masomo kimyakimya, na palipotakiwa sahihi ya mzazi ikawekwa na mwalimu wake. Sababu ikaandikwa chini: baba wa kijana hajui kusoma wala kuandika. Nakala ya barua ile ililetwa stesheni, na Bernard, karani wa tiketi, akaisoma kwa sauti mbele ya makuli na akina mama wa ndizi. Wengine walicheka. Hawakuwa na ubaya, walicheka tu. Philemon alichukua taa yake akaenda kwenye reli zake. Lililomchoma halikuwa uongo. Lilikuwa kweli tupu, na mwanawe ndiye aliyelitoa nje.

Sasa, kwetu milimani Taita, kinyongo cha mzazi hakikai bure. Hufanya kazi chenyewe, hata mzazi asipotaka. Dawa yake ni kutasa. Mzee hutamka yote yaliyomuumiza bila kuficha, anapiga funda la maji ya miwa, anayapuliza nje, na hasira hutoka pamoja nayo. Kisha anamtakia mtoto heri. Wahubiri walikataza jambo hilo, na Philemon mwenyewe alikuwa amebatizwa. Lakini mama yake, nyanya Wakio wa Wusi, alibatizwa pia, na bado alikuwa na kibuyu chake nyuma ya mlango. Yeye ndiye aliyemfundisha Mkamburi sehemu ya pili, ile ambayo watu hupenda kuisahau. "Anayetasa huku amebakiza kitu rohoni," alisema, "heri asingetasa. Huyo anampulizia mtoto sumu."

Basi barua ya Alexander ilipofika, Tryphena, mama yake, aliisoma mara mbili kwa sauti, maana mwenye nyumba hakuweza kujisomea. "Baba, najua nilikukosea. Naomba uje unitasie kabla sijapanda meli. Njooni na treni ya asubuhi, nitawapokea stesheni."

Nyanya Wakio akateremka kutoka Wusi siku iyo hiyo na kibuyu cha maji ya miwa. Jioni wakakaa kushauriana.

"La kushauriana lipi?" Tryphena akasema. "Treni inatoka saa mbili asubuhi, saa nane tuko Mombasa. Pasi unayo."

"Pasi yangu ni ya mke na watoto. Mama hayumo."

"Mama tutamkatia tiketi."

"Miguu yake je? Daraja la tatu watu wanakaa juu ya magunia. Akanyagwe?" Philemon alisema polepole, kama mtu anayepanga mawe. "Musyimi anakwenda Mombasa Alhamisi na Fodi yake. Mama akae mbele kwenye kiti. Kibuyu hakitamwagika. Tutashushwa mlangoni mwa bandari, hakuna kuulizana njia."

"Ile Fodi?" Nyanya Wakio akaguna. "Ile inayokohoa kunishinda mimi?"

"Inafika, mama. Kila wiki inakwenda na kurudi."

Sababu zake zote zilikuwa nzuri. Mkamburi, aliyekuwa amejilaza kwenye mkeka akijifanya hasikii, alizikumbuka kwa miaka mingi, akizigeuza hivi na hivi, na hakuona iliyo mbovu. Hata Tryphena alichoka kubisha. Mume ameonyesha huruma kwa mama yake mzazi. Utampinga kwa lipi?

Alhamisi alfajiri Musyimi alikuja na furaha yake yote. Alikuwa Mkamba mnene mwenye bucha pale Voi, mtu wa maneno. "Mzee Philemon, leo dunia imepinduka. Padri anakunywa dawa kwa mganga. Mtu wa reli ndani ya Fodi yangu?"

"Endesha, bwana."

"Naendesha. Ila ukisikia filimbi usishuke kugeuza njia."

Waliondoka mapema, kabla treni haijatoka, na Tryphena akaanza kuamini kwamba mumewe hakukosea. Lakini walipofika Maungu, Philemon aliomba wasimame amsalimie mwenzake wa reli. Salamu zikawa ndefu. Walipoondoka pale, jua lilikuwa limeshapanda, na maili chache mbele rejeta ikachemka.

Musyimi alimimina maji ya debe, yakatoka chini yote. Rejeta ilikuwa na tundu. Alikata kipande cha sabuni akaziba, akatuma watu waliokuwa wakipita wachote maji Maungu. Kisha akakitazama kibuyu mapajani mwa nyanya. "Nyanya, hicho nacho si maji? Tukimimina tufike mpaka kwenye kivuli kile."

"Ukikigusa nitakutasia wewe," nyanya akasema, na Musyimi akarudi kwenye sabuni yake.

Hapo ndipo Mkamburi alipouliza swali lake, na hapo, kabla halijapoa, chuma kikaanza kuimba. Treni ya saa mbili ilikuwa inakuja.

Tryphena alivua kitambaa chake cha kichwa. Kilikuwa chekundu. Akamnyooshea mumewe.

"Simama kwenye reli upunge. Wanakujua wote. Ukipunga chekundu watasimama."

Philemon hakukipokea. "Treni haisimamishwi kwa mambo ya nyumbani."

"Baba Alexander."

"Nitafutwa kazi, Mama Alexander. Miaka ishirini na miwili."

"Basi nipunge mimi?"

"Ukisimamisha wewe, nafutwa mimi."

Treni ikapita mbele yao, behewa baada ya behewa, watu madirishani wanakula mahindi na kuwatazama. Nyuma kabisa Thadeus, gadi wa treni, alitoa kichwa. "Mzee Philemon," alipiga kelele huku anacheka, "reli wamekufukuza?" Akampungia bendera ya kijani. Philemon aliinua mkono kumjibu, kama alivyozoea. Tryphena alifunga kitambaa chake tena kichwani, akakikaza mpaka Mkamburi akaona mishipa ya shingo.

Maji yalifika saa nane. Fodi ikatembea na kusimama, ikatembea na kusimama, na walipoingia Kilindini jua lilikuwa limelala juu ya mabati ya maghala. Meli ilikuwa imeshatoka. Ilikuwa mbali kidogo tu, bado mtu angeweza kuhesabu madirisha, na pembeni yake palikuwa na watu wadogo waliojipanga, ila hakuna aliyeweza kusema yupi ni nani.

Askari wa mlangoni aliwauliza wanamtafuta nani. Tryphena akamweleza.

"Kijana mrefu, ana koti la kijivu?" askari akasema. "Alikuwa hapa mpaka wanatoa ngazi. Alikwenda stesheni kupokea treni ya Voi, akarudi mbio. Aliniuliza kama kuna treni nyingine leo. Nikamwambia hakuna. Akasema lazima iko, baba yake hachelewi."

Tryphena aligeuka akaegemea ukuta. Hakulia kwa sauti.

Nyanya Wakio alimsogelea mwanawe na kibuyu mkononi. "Tasa hapa hapa," alimwambia. "Bahari na mito ni maji mamoja. Meli bado inaonekana. Toa yaliyo rohoni, yatamfikia."

Philemon alipokea kibuyu. Alipiga funda kubwa, mashavu yakajaa. Akaielekea meli. Mkamburi alikuwa amemshika koti, akamtazama kutoka chini, akingoja maji yaruke. Hayakuruka. Aliliona koo la baba yake likipanda, kisha likishuka. Alikuwa amemeza.

Nyanya Wakio alichukua kibuyu chake. Njia nzima ya kurudi hakumtazama mwanawe usoni.

Barua za Alexander zilikuja mwaka mmoja na nusu. Kila moja ilikuwa na mstari mmoja wa baba, wa kuomba msamaha, na kila mara Tryphena aliufikia mstari ule akausoma kwa sauti ile ile isiyopanda wala kushuka. Philemon alisikiliza akiwa amesimama mlangoni. Hakuwahi kusema, mwandikie hivi. Mara mbili alikaa kitako kama anayetaka kuanza. Mara zote mbili aliomba chai. Kisha, mwaka wa 1953, ikaja barua ambayo haikuandikwa na Alexander. Chuo kilisema ni homa, siku tisa, na kwamba wenzake walimzika kwa heshima.

Hakuna aliyemlaumu Philemon. Homa ni homa. Musyimi alileta mguu wa ng'ombe na hakufanya mzaha hata kidogo. Lakini nyanya Wakio alikivunja kibuyu chake kwenye jiwe la kusagia, na toka siku hiyo nyumba ikawa na ukimya wake yenyewe, kama chumba kilichofungwa ambacho kila mtu anakizunguka.

Philemon aliendelea kugeuza njia hadi alipostaafu. Hakuwahi kupanda gari la mtu tena. Alihamia Wusi, akalima matuta ya baba yake, akapanda kabeji, na Jumapili alikaa benchi la nyuma kanisani. Alipokuwa na safari alikwenda stesheni ya Mwatate saa tatu au nne kabla ya treni, mpaka vijana wakawa wanasema, "Mzee Philemon hufika stesheni kabla ya makaa." Akawa pia anajifunza kusoma. Alianza uzeeni, kwa kitabu cha darasa la kwanza cha Mkamburi, kidole kikisukuma neno kama mtu anayesukuma behewa peke yake. Siku moja Mkamburi alimkuta ameifungua ile barua ya homa. Alikuwa amefika mstari wa pili.

Januari ya 1959 Mkamburi alikuwa na miaka kumi na mitano, anarudi shule ya bweni. Baba yake alimbebea sanduku mpaka Mwatate. Kama kawaida walifika wakati hata karani hajafungua dirisha. Ukungu ulikuwa bado umelala juu ya Wusi. Walikaa juu ya sanduku, wakagawana viazi vitamu. Philemon alikuwa amevua kiatu kimoja, wayo ameuweka juu ya chuma cha reli.

"Iko mbali," alisema. Kisha, bila kugeuka: "Uliwahi kuniuliza neno la treni, kule Maungu. Umesahau?"

Mkamburi hakuwa amesahau. Alitikisa kichwa.

"Mama yako hakuwahi kuniuliza. Nyanya yako naye mpaka amekufa hakuniuliza. Wewe ndiye uliyeuliza, nami nikakupa maji." Alifuta mikono kwenye suruali, mmoja baada ya mwingine. "Nilikuwa nimejaa, Mkamburi. Nilijipima kila siku toka barua yake ije, nikaona hasira haijatoka hata kidogo. Ningesimama mbele ya mwanangu, kibuyu mkononi, mama yangu ananitazama, na mdomo wangu ungesema heri. Ningempulizia nini?"

"Ungemwambia bado umekasirika."

"Ningemwambia." Alikubali kwa kichwa, taratibu. "Siku hizi najua. Siku ile nilijua kitu kimoja tu."

Chuma kilianza kuimba chini ya wayo wake. Aliinama, akavaa kiatu, akafunga kamba kwa makini.

"Nilijua treni ingefika."