Kiunzi Alichochora Mama Mkwe

Brashi alikuwa mtu wa herufi. Kwa miaka thelathini alipaka majina ya maduka na vinyozi kwenye kuta, mkono mtupu bila rula, na mstari wake ulinyooka kuliko wa wenye rula. Halafu zikaingia mashine za kuchapa mabango, kazi ikamkimbia mchana kweupe. Waliobaki kumgongea mlango ni wale waliopotea njia.

Ndipo shemeji yake, mdogo wa mkewe, mkutubi wa maktaba ya mtaa, akamjia na maneno matamu.

"Shemeji, njoo ufundishe watu kuchora. Jumamosi asubuhi, masaa mawili tu. Ni watu wazima, wala kushika penseli hawajui."

"Hao ndio nawataka," Brashi akasema. "Hawajaharibiwa na mtu."

Kwa somo la kwanza akachagua kiunzi cha mifupa cha kutisha, cha katuni. Alikuwa amelifikiria jambo hilo wiki nzima. Kiunzi hakina nyama, hakina nywele, hakina nguo za kukunjakunja. Duara, vijiti, meno, basi. Hata mtu mwenye mkono mzito namna gani, atakosea nini hapo?

Jumamosi ikafika. Brashi akaingia maktaba na chaki zake, akawakuta wanafunzi sita kwenye viti vya watoto, magoti yamewagusa videvu. Mstari wa mbele alikaa muuguzi mstaafu, mgongo umenyooka. Nyuma yake fundi cherehani, futi ya kupimia shingoni. Na pembeni, mkoba mapajani, penseli imeshachongwa, alikaa mama mkwe wake.

Shemeji hakuwa amemdokeza hata neno.

"Shikamoo, Mama," Brashi akasema.

"Marahaba, baba. Usinionee haya. Nifundishe kama wengine."

Hilo ni jambo la mdomoni tu. Nani amewahi kumwambia mama mkwe "hapana, sivyo, futa"?

Akajikaza kisabuni, akageukia ubao. Akachora duara la fuvu, matundu mawili meusi ya macho, pembetatu ya pua, taya lenye meno kama funguo. Akashusha mstari wa uti wa mgongo, akaweka mbavu tatu kila upande.

"Tatu?" muuguzi akauliza. "Huyu kapatwa na nini?"

"Ni katuni, dada."

"Mbavu ni kumi na mbili kila upande, mwalimu. Nimezihesabu kwa watu maisha yangu yote ya kazi."

"Huyu ameshakufa, dada. Hazimsaidii kitu."

Muuguzi hakucheka. Akachora kumi na mbili upande wa kushoto, nafasi ikamwishia, kiunzi chake kikawa kama kichana.

Brashi akapita kwa fundi cherehani. Karatasini alikuta bwana mmoja nadhifu, koti la vifungo vitatu, suruali yenye mkunjo.

"Mifupa iko wapi?"

"Ndani," fundi akajibu.

Brashi akafumba macho, akayafumbua. Koti lilikuwa bado lipo.

Kwa mama mkwe ndiko alikokoma. Kila alipomkaribia, mama alifunika karatasi kwa kiganja. "Bado, baba." Ila maswali hakuyafunika.

"Huyu anamtisha nani?"

"Watu, Mama."

"Wamemfanya nini?"

"Hawajamfanya kitu. Ndiyo kazi yake, kutisha."

"Katumwa na nani?"

Brashi akatoka nje, akasimama barazani, akavuta pumzi kama mtu aliyezamia. Aliporudi alichora upya ubaoni, mara ya pili, mara ya tatu. "Kutisha kuko kwenye mwili!" akawaambia. "Inamisha kichwa. Pandisha mabega. Panua mdomo." Vumbi la chaki lilikuwa limemjaa ndevuni, na kipande kimoja cha chaki amekichomeka juu ya sikio. Akageuka, akamwona fundi cherehani anapima fuvu kwa futi ili duara litoke sawa, na duara lenyewe limetoka na pembe. Uvumilivu ukamwisha.

"Duara! Nimesema duara! Hiki ni kiazi! Mtu mzima unashindwa na duara?"

Fundi akaweka penseli chini taratibu. Mama mkwe akamtazama Brashi kwa muda mrefu, kichwa amekipinda kidogo, kisha akainama akachora haraka haraka, bila kufuta hata mara moja.

Muda ulipokwisha wakatundika michoro kwenye kamba kwa vibanio vya nguo. Mama wa usafi akaingia na ndoo, akawa anaipitia mmoja mmoja. Kichana cha muuguzi kilimchekesha. Bwana wa koti akamsifia. Alipofika mwisho wa kamba akapiga ukelele, ndoo ikamtoka, maji yakatambaa hadi kwenye rafu za vitabu.

Kisha akamtazama Brashi. Akatazama karatasi. Akamtazama Brashi tena.

Duara halikuwa duara, na mbavu zilikuwa mbili tu. Lakini kiunzi kilisimama mikono kiunoni, shingo imechomoza, kidevu mbele, mdomo umepanuka hadi kwenye masikio, na juu ya sikio moja kimechomekwa kipande cha chaki. Wote wakaangua kicheko. Hata muuguzi.

"Mama," Brashi akasema, "huyu ni mimi?"

"Ulisema tuchore kinachotisha, baba."

"Nimekutisha wewe?"

"Mimi sitishiki, nimelea tisa. Ila mwenzangu huyu, tangu ulipomtajia kiazi, penseli hajaigusa."

Fundi cherehani alikuwa anavitazama viatu vyake.

Hasira ilimpanda Brashi hadi utosini, na alipoitazama ile karatasi mara nyingine ikampanda zaidi, maana mchoro ulikuwa mzuri. Ile shingo! Miaka thelathini ya herufi zilizonyooka, na hakuna hata moja iliyowahi kumfanya mtu aangushe ndoo.

Nyumbani akamsimulia mkewe yote, akitegemea kuhurumiwa.

"Mikono ilikuwa kiunoni?" mkewe akauliza.

"Ndiyo."

"Na kidevu hivi?" Akakitoa kidevu chake mbele.

"Umejuaje?"

"Nimeishi na hicho kiunzi miaka ishirini na sita."

Brashi akala kiapo kwamba maktaba hakanyagi tena. Kiapo kikadumu hadi Alhamisi. Jumamosi akafika mapema kuliko wote, akamngoja fundi cherehani mlangoni.

"Ndugu yangu, ile siku nilikukaripia mbele za watu. Nisamehe."

"Yameisha, mwalimu," fundi akasema, uso ukamchangamka. "Nimemchora mwingine nyumbani. Huyu nimempa kaptula, ili mifupa ionekane."

Brashi akafungua mdomo. Akaufunga. Akasema, "Asante," na neno lenyewe lilimtoa jasho.

Ila shemeji naye alikuwa na lake. Mchoro wa mama yake alikuwa ameubandika kwenye mlango wa chumba cha watoto pale maktaba, na wiki nzima watoto walikuja kusimama mbele yake, wakapiga kelele, wakakimbia, wakarudi. Walipouliza kiunzi huyo anaishi wapi, mkutubi aliwaambia, bila hata kupepesa macho, kwamba huja kila Jumamosi.

Kwa hiyo Brashi alipopita ukumbini na chaki zake, wasichana wawili wadogo walikuwa wamekaa sakafuni wanamsubiri. Wakamkagua kuanzia viatu hadi ndevu.

"Ndiye?" mmoja akanong'ona.

"Ndiye. Ila leo ana nyama."

Brashi akahisi mikono inaelekea kiunoni. Akaiingiza mifukoni kwa nguvu, akaenda kuwaambia wanafunzi wake wachonge penseli, leo wanachora viganja. Kabla hajamaliza, muuguzi alikuwa ameshanyoosha mkono, ana idadi kamili ya mifupa ya kiganja.