Fungua Mwenyewe

Muuza dawa lishe wa hapa Visiga hasimami mteja anapoingia. Anainua kidevu tu na kusema karibu kwa sauti ya mtu aliyeamshwa. Amekalia kanga iliyokunjwa, na kila mara anahamisha uzito upande wa pili, taratibu, kama aliyebeba ndoo iliyojaa. Makopo yake ya magnesiamu na vitamini D yote yako usawa wa kiuno. Rafu za juu ni tupu. "Hata mimi mwili mzima ulikuwa unaniuma, vipimo vikasema sina kitu," huwaambia wanaotoka hospitali bila jibu. "Hizi ndizo zilizoniponya." Kisha hulisukuma kopo kwa kiganja, mteja afungue mwenyewe, ahakikishe halijaguswa. Kwa uaminifu huo mtaa mzima tunamsifu.

Juzi mvua ilinikuta pale, nikajibanza mlangoni. Akaingia Mama Tunu, mkulima wa Soga, anajivuta. Alisikiliza maneno yale yote huku machozi yakimlengalenga. Kopo likasukumwa mbele yake.

"Fungua mwenyewe, mama."

Akajaribu, akalirudisha. "Nifungulie wewe uliyepona, mwanangu. Vidole vyangu havina nguvu."

Muuzaji alilishika kwa mikono yote miwili, akauma meno. Kifuniko hakikusogea. Akajaribu tena kwa upindo wa kanga, kisha akaliweka chini, akaanza kujikanda viganja.

Mama Tunu akaitazama ile mikono. "Kumbe na wewe bado," akasema, bila hasira, akavuta kiti akakaa.