Pazia Jipya la Bi Pambo

Mtaani kwetu, mwanamke akianza kumlalamikia mama mkwe wake, huambiwa akamtazame Bi Pambo. Jina hilo tulimpa sisi majirani, maana hakuna anayependa nyumba ipendeze kama yeye. Kazini ni mpokea wagonjwa kwenye zahanati, kazi ya kutabasamu kutwa nzima hata mbele ya mtu anayekutukana. Mumewe ni dereva wa malori, akiondoka ameondoka. Kwa hiyo nyumbani wamebaki wawili, yeye na mama mkwe wake, ambaye kiharusi kilimpoozesha mkono wa kulia na kuufanya ulimi wake mzito. Bi Pambo anamwogesha, anamvisha, anamlisha. Mimi ninakaa nyumba ya mkabala, na nilimsifia mpaka binti zangu wakachoka kulisikia jina lake.

Nyumba yao zamani ilikuwa duka, ndiyo maana dirisha la sebuleni ni pana na linashuka karibu mpaka sakafuni. Miaka yote lilikuwa na pazia zito la kahawia lenye bitana, ambalo yule mama alilishona mwenyewe enzi zile mkono wake ukiwa mzima na cherehani yake ikisikika mtaa mzima. Bi Pambo alisema linaifanya sebule iwe kama stoo. Akalitoa. Akamwita fundi, akamwambia aihamishe fimbo ya pazia, aipandishe karibu na dari ili chumba kionekane kirefu, halafu akatundika neti nyeupe inayoanzia juu na kugusa sakafu. Fundi alimshauri aweke na pazia zito pembeni, la kufunga jioni. Bi Pambo akamjibu kwamba zito litaficha uzuri.

Nilialikwa nikaone, na kusema kweli ilipendeza. Mwanga uliingia kwa upole, hata makochi ya zamani yakaonekana yameoga.

"Raha yake sasa," aliniambia, "mimi nikikaa hapa nawaona nyote mnavyopita. Nyie hamnioni."

Ilikuwa saa tisa mchana, na mchana ilikuwa kweli.

Jioni aliwasha taa. Mimi nilikuwa barazani kwangu nachambua mchele, nikainua macho, nikaona sebule yake nzima, mpaka maua ya plastiki juu ya meza. Nikajisemea kesho nitamwambia. Halafu akatokea na bakuli la uji, akasimama mbele ya kiti cha mama mkwe wake, nami nikasahau mchele.

Sauti haikufika. Lakini nilimwona akimshika kidevu na kukivuta. Nilimwona akisukuma kijiko kabla cha kwanza hakijamezwa. Uji ulipomwagika kifuani, alimpiga yule mama kwa kijiko kwenye mkono, ule mkono mzima aliounyanyua kujifuta, kisha akaondoka na bakuli. Mama alibaki ameketi na uji wake kifuani, akitazama dirishani, yaani akinitazama mimi.

Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Sisi hatukuhitaji hata kuingia. Nasema sisi kwa sababu kesho yake nilimwonyesha jirani mmoja, na habari haikukaa. Mmoja akaja kuniomba chumvi jioni, naye ananunua chumvi kwa gunia. Mwingine alikuja kunijulia hali, mimi ambaye alikuwa na miezi hanisalimii. Tulikaa, tukasikitika, tukaguna, tukajitia kuongelea bei ya mkaa. Macho hayana pazia, tulijitetea. Hakuna aliyevuka barabara kugonga mlango ule.

Kilichonikata maini ni Mama Saluni, jirani mwingine wa hapo mtaani. Jioni moja alifika mapema, amebeba kigoda chake.

"Nimekuja nacho," alisema, "maana viti vyako havitutoshi."

Walicheka, na mimi nilicheka. Usiku ule nilijionea aibu kiasi kwamba sikuweza kumtazama hata mume wangu.

Asubuhi nilivuka barabara. Bi Pambo alinipokea kwa lile tabasamu lake la zahanati. Mama alikuwa kwenye kiti chake, kimeelekezwa dirishani kama kawaida.

"Jirani," nilisema, "hili pazia mchana ni sawa. Jioni ukiwasha taa, wa nje ndio wanaoona ndani."

Alicheka. Kisha akaacha kucheka, akageuka kukitazama kile kiti.

"Tangu lini?"

"Tangu ulipolitundika."

"Mmeona nini?"

Niliinamisha macho nikavitazama vidole vyangu vya miguu. Hilo likawa jibu.

"Na mlikaa mnatazama tu?"

Aliketi chini palepale, akafunika uso kwa ncha ya kitenge. "Kazini nachekea watu mpaka mashavu yananiuma," alisema ndani ya kile kitambaa. "Nikifika hapa sina kitu tena. Nitapita wapi mimi sasa?"

"Mwanangu," mama mkwe wake akaita. Maneno yalimtoka moja moja. "Lile langu. Chini ya kitanda. Litundike."

"Mama, usinihurumie."

"Litundike. Mimi mzee, wakiniona si kitu. Wewe bado unaishi nao."

Bi Pambo alilia kwa sauti. Mimi nilikwenda kulitoa pazia mwenyewe, maana sikujua nisimame wapi. Tulilitundika pamoja, mimi nikishika kiti, yeye akiwa juu akipenga kamasi. Likawa fupi. Fimbo ilikuwa imepandishwa, na pazia lilikatwa kwa kipimo cha zamani, kwa hiyo chini palibaki wazi zaidi ya shubiri mbili. Hakuna aliyeligusia hilo.

Jioni wale wageni wangu walikuja, Mama Saluni na kigoda chake. Taa ikawaka ng'ambo. Pazia la kahawia lilikuwa limefungwa, na wakaanza kuguna kama watu waliokatiwa umeme.

Lakini chini kwenye ule uwazi miguu ya mama ilionekana, kwenye ndala zake. Bi Pambo siku zote alimlisha amesimama. Tukasubiri kuona nyayo zake zikifika. Zilifika, zikasimama kidogo. Kisha tukaona magoti mawili yakishuka sakafuni, moja halafu jingine, yakatulia karibu na zile ndala, na hayakuondoka.

Mama Saluni aliinamisha kichwa ili aone vizuri zaidi. Nilinyanyuka, nikamwambia abebe kigoda chake aende kwake. Halafu niliingia ndani, na kabla sijawasha taa, nikafunga pazia langu.