Ukuta wa Chumba Kidogo na Ekra ya Inchi Mia na Tano

Siku ile mwanangu alilia nje ya geti la kazi yangu, na miye niko juu, ghorofa ya pili, namsikia. Mama mkwe alikuwa amemleta saa sita mchana kama kila siku, ila mlinzi alikuwa amekatazwa kumfungulia. Kilio kilipanda, kikakauka, kikaanza tena. Maziwa yakaanza kutoka yenyewe, blauzi ikalowa, na mikononi nina karatasi nilizotakiwa kupeleka kwenye mkutano. Nikaziweka chini. Nikashuka, nikamchukua mtoto kwa bibi yake, nikampita mlinzi, nikapanda naye, nikafungua mlango wa chumba cha mikutano bila kubisha.

Ndani walikuwa wakubwa wote wa biro, yaani ofisi yetu, na wengine wa ng'ambo walikuwa kwenye ekra. Ekra ndiyo televizyo ya mikutano. Yetu ni ya inchi mia na tano, ndefu ya kulala, upana wake unazidi kimo chake mara mbili na zaidi. Nikapita nyuma ya viti, nikaketi mwisho kabisa, nikajifunika kikwembe, kile kitenge cha kubebea mtoto, nikampa titi. Mtoto alikuwa na hasira. Alipiga kelele mara moja zaidi kabla ya kushika, na kamera ya ekra ile inafuata sauti. Ikageuka. Nusu nzima ya kushoto ikajaa sisi wawili: kikwembe, kisogo cha mtoto, na uso wangu umelowa.

"Mama, utoke," alisema shefu wa utawala, polepole, bila kunitazama. "Hapa ni pa mikutano."

"Shefu, miye niko pa kiti yangu. Ni ukuta ndio ulitoka."

Hakuna aliyecheka, isipokuwa mwanamke mmoja kule ng'ambo, na yeye Kiswahili hasikii. Alimchekea mtoto tu.

Watu wameniuliza kama nilikuwa nimepanga. Sikupanga kitu. Nilikuwa nimechoka mpaka aibu ilikuwa imeniisha. Lakini ili mtu aelewe habari ya ukuta, lazima nieleze jinsi ekra ile ilivyochaguliwa, maana miye ndiye nilitumwa kuichagua.

Kampuni yetu ni ndogo, iko katikati ya mji, inapeleka vipuri kwenye migodi. Miye ni sekretari. Nilimaliza sekondari, nikaishia pale. Niliporudi kutoka uzazi, mtoto akiwa na miezi mitatu, nilimwambia shefu kwamba sheria inanipa nusu saa mara mbili kila siku ili ninyonyeshe. Hakubisha. Kulikuwa na chumba kidogo nyuma ya chumba cha mikutano, meza ya watu wanne, dirisha moja, mlango wenye ufunguo. Akasema, "Tumia pale, mama, hakuna mutu anaingiaka." Hakuandika. Nikachukua neno lake kama karatasi.

Basi mama mkwe akawa anamleta mtoto kila siku saa sita, kwa taxi-bus, amemfunga mgongoni. Mtoto ana jina la marehemu mume wake, kwa hiyo anamwita bwana yangu. Anafika amechoka, anaketi kwenye kiti cha pili, ananiambia, "Umupe bwana yangu chakula, tangu asubui ananitukana." Tulikuwa tunacheka mule. Chupa mtoto aliikataa tangu siku ya kwanza, anaisukuma kwa ulimi. Nusu saa ile ya mchana ndiyo ilikuwa inamfikisha jioni.

Mwezi wangu wa pili tangu nirudi kazini, wakubwa wakaamua kununua ekra. Watu wa ng'ambo walikuwa wanalalamika kwamba kwenye televizyo yetu ya zamani hawaoni nani anasema, na sisi tukifungua hesabu za vipuri, nyuso zao zinageuka kama mbegu za maboga kwenye kona. Kwa ekra pana, nyuso zinakaa upande mmoja, karatasi upande wa pili, hakuna anayefunikwa. Hilo ni kweli, na miye nililiandika mwenyewe.

Kwetu hata ndoo ya kudekia hainunuliwi bila proforma tatu. Ni karatasi za maduka matatu, kila moja inaeleza kitu kile kile, halafu ukurasa mmoja wa kulinganisha, na chini yake sahihi ya aliyezunguka. Nikazunguka madukani siku nne. Wauzaji walinionyesha picha za samaki na maporomoko ya maji. Miye nilikuwa nawaambia, ondoa samaki, niwekee jedwali la vipuri, nirudi nyuma hatua kumi, nione kama nasoma. Mmoja akauliza kama bosi wangu ni daktari wa macho. Ndipo nikajua kitu ambacho hakuna muuzaji aliyekisema kwanza: kusoma kunategemea kimo. Ekra pana ya inchi mia na tano ina kimo karibu sawa na televizyo ya kawaida ya inchi themanini na tano. Kinachozidi ni mbavu.

Nikapima ukuta. Kati ya dirisha na mlango wa chumba kidogo kulikuwa na mita mbili na sentimita thelathini. Mita ya fundi ilikuwa imepotea, nikaanza na kikwembe changu cha kubebea mtoto, yadi mbili kamili, nilikinunua miye na nilikipima dukani. Ekra ya kawaida ilikuwa kikwembe na vidole vichache. Ile ya mia na tano, kikwembe na theluthi: inafunika mlango. Nikaunganisha katoni za karatasi za fotokopi kwa gundi, nikakata umbo kamili, nikalibandika ukutani ili hata asiyependa hesabu aone. Nikaleta proforma tatu za ekra pana ya inchi tisini na mbili. Inaingia pale, inabaki nafasi ya kiganja kila upande, na mlango unafunguka.

Shefu alisimama mbele ya katoni yangu, mikono mifukoni.

"Hii ni ya batoto. Bale ba mbele ya barabara beko na ya mia na tano."

Nikamwambia wale wa mbele ya barabara, kampuni wenzetu, wana ukuta mwingine. Nikamwonyesha mlango. Akasema mlango ni mbao tu. Nilidhani ni mzaha. Ana nyumba kubwa kule mtaa wa Golf na anasimulia kila mtu jinsi alivyovunja ukuta wa sebule yake mara mbili. Kwake ukuta ni kama pazia.

Hapa nitasema kosa langu, kwa sababu ni langu. Siku chache baadaye aliniita saa sita na dakika tano. Proforma mpya tatu zilikuwa zimeshafika bila miye kuzunguka, zote za mia na tano. Ukurasa wa kulinganisha ulikuwa umeshajazwa, jina langu limechapwa chini. Mtoto alikuwa anasubiri chumba cha nyuma, nilikuwa namsikia. Shefu akasema ni desturi tu, sahihi ya aliyezunguka, mkurugenzi anasubiri. Sikusoma juu. Niliweka sahihi nimesimama, mkono mmoja umebana kifua, nikakimbia.

Ekra ilipofika, haikupita hata ngazini. Waliiingiza kwa dirisha, kwa kamba, watu sita. Ikawekwa ukutani, ikafunika mlango wa chumba kidogo kama nilivyosema. Siku mbili zilizofuata mafundi walibomoa kizuizi cha mbao chenye mlango ule, kilichounga na ukuta wa ekra pale konani, na chumba kidogo kikawa mwisho wa chumba kikubwa. Meza ya watu wanne ilipelekwa stoo. Hakuna aliyeniuliza. Nilipouliza miye, shefu alifungua faili, akanionyesha sahihi yangu.

"Ni weye ulichagua, mama. Sasa unalilia nini?"

Nikaanza kunyonyeshea chooni. Nasema wazi, chooni, nimeketi juu ya kifuniko, mama mkwe amesimama nje anazuia mlango, na watu wanagonga. Mtoto alikuwa anavuta mara tatu, mlango unagongwa, anaachia, anaangalia juu. Mama mkwe alikuwa anajibu kwa sauti ya upole, "Ngojeni kidogo, bwana yangu iko anakula," na wao wanazidi kugonga. Halafu ngazini, ambapo wasafirishaji walikuwa wanapita na maboksi. Halafu nyuma ya jenereta, siku umeme umekatika na moshi wote unatujia. Halafu amri ikatoka kwamba watoto hawaingii getini.

Siku ya kupima kilo, muuguzi aliweka kidole kwenye kadi ya mtoto. Mstari ulikuwa unapanda vizuri tangu azaliwe, ukalala, na mwezi ule ukateremka. Aliniuliza kama nina maziwa. Nina maziwa. Nilikuwa nayakamulia kwenye karai la choo cha kazini, kila siku, na kuyamwaga, kwa sababu kifua kilikuwa kinawaka kama moto. Sikuweza kumwambia hivyo. Nilisema tu, "Niko nayo." Mama mkwe alikuwa pembeni amemshika mtoto miguu, na kwa mara ya kwanza hakumwita bwana yangu.

Wiki iliyofuata ndipo nilipofungua mlango ule bila kubisha.

Kesho yake asubuhi barua ilikuwa kwenye meza yangu, ile tunayoita demande d'explication. Kila mfanyakazi wa mji huu anaijua na anaiogopa: wanakuuliza kwa maandishi kwa nini ulifanya ulichofanya, una saa arobaini na nane za kujibu kwa maandishi, na barua ya tatu ndiyo ya kukufukuza. Waliniuliza kwa nini niliacha kazi na kuharibu mkutano. Nikajibu mistari mitatu: mtoto alikuwa na njaa, chumba chake kilibomolewa, na nilikwenda pale pale nilipoelekezwa.

Shefu aliniita mchana. Alikuwa na karatasi nyingine, tayari imechapwa: nitie sahihi kwamba mtoto hataletwa tena kazini, na mambo yataisha, hata demande d'explication ataichana. Alisogeza kalamu. Alikuwa anazungumza vizuri, kama mjomba. Aliniambia ana watoto watano na wote walikunywa chupa.

Nilisema nitaisoma kwanza nyumbani. Alishangaa zaidi kuliko siku ya mkutano.

Nyumbani niliiweka mbele ya mama mkwe. Kwetu ni kazi yangu inayoweka chakula mezani. Mume wangu anatafuta kazi Kolwezi, bado hajapata. Nilitegemea aniambie niombe msamaha, kwa sababu siku zote ndivyo alivyokuwa ananiambia: inama, mama, kazi haziko mingi. Hakusoma karatasi, hajui kusoma. Aliniuliza imeandikwa nini, nikamwambia.

"Na mutoto atakulaka nini?" akauliza.

Nikasema sijui. Nililia pale, karatasi magotini, na mtoto ananitazama. Mama mkwe aliichukua karatasi magotini pangu, akaikunja.

"Usiandike jina yako pale," akasema. "Nilikuambiaka siku zote uiname. Leo hapana."

Asubuhi niliomba ruhusa ya saa mbili. Nilikwenda kwa Inspekta wa Kazi na malalamiko yangu, nakala mbili. Moja waliibakisha, nyingine waliigonga muhuri wakanirudishia. Niliiandika kwa Kifaransa, maana biro zote za Serikali ni hivyo. Kwa Kiswahili inasema hivi:

*Kwa Bwana Inspekta wa Kazi, Lubumbashi.*

*Jambo: malalamiko kwa kunyimwa muda na mahali pa kunyonyesha.*

*Bwana Inspekta, miye ni sekretari, mama wa mtoto wa miezi sita. Nilirudi kazini baada ya likizo ya uzazi na nikapewa kwa mdomo chumba cha kunyonyeshea. Chumba hicho kilibomolewa ili kuweka ekra ya mikutano iliyo pana kuliko ukuta wake. Nilikuwa nimeshauri ekra nyingine inayoingia. Vipimo vyangu na proforma zangu tatu za kwanza zimeambatishwa. Sahihi iliyo kwenye ukurasa wa mwisho wa kulinganisha ni yangu. Niliiweka bila kusoma, na sikani.*

*Tangu siku hiyo nimenyonyesha chooni, ngazini na nyuma ya jenereta. Sasa mtoto amekatazwa kuingia getini. Hanywi chupa. Nakala ya kadi yake ya kilo imeambatishwa. Tazama miezi miwili ya mwisho.*

*Siombi ekra iondolewe. Siombi mtu aadhibiwe. Naomba chumba chenye mlango unaofungwa, nusu saa mbili kwa siku kama sheria inavyosema, geti lifunguliwe, na nisitie sahihi kwenye karatasi niliyopewa, ambayo nayo nimeiambatisha, bado ni tupu chini.*

*Naomba uje mwenyewe kuona, na uje saa sita mchana, kwa sababu ndiyo saa mtoto anafika.*