Tofali la Kasuku

Mwaka wa 1975, nikiwa na miaka ishirini na sita, niliachwa pamoja na vyombo vya nyumba. Mzungu niliyempikia tangu ujana wangu alifunga masanduku, akampandisha mke wake ndani ya gari, wakaenda zao Ulaya. Wiki ile ile nyumba yake, katika mtaa wa wakubwa wa kampuni ya shaba hapa Likasi, ikapewa mkubwa mpya, mtu mweusi kama mimi, tena aliyesoma. Alikuta meza ndefu, viti, jokofu, kasuku wa kijivu ndani ya tundu, na mimi. Alipita vyumba vyote mikono nyuma, akavitazama vyote kwa jicho moja, na mimi akanitazama kwa jicho lile lile.

Kabla hajafika nilifurahi kusikia anayekuja ni mtu wetu. Kosa hilo nalitaja mapema ili nisilirudie tena.

Lazima nieleze jambo moja la wakati ule, maana vijana hawalijui. Neno Musiye, la Kifaransa, ambalo tulimwitia bwana mkubwa, lilikuwa limekatazwa nchi nzima. Tulikuwa wote Sitwayeni, yaani raia, kuanzia mkuu wa kampuni hadi mfagiaji wa soko. Tai ya shingoni nayo ilikatazwa, wakubwa wakavaa abakosi, lile koti lisilo na tai. Mtu aliyesikika akimwita mwenzake Musiye alijitafutia maneno na watu wa chama, na aliyekubali kuitwa hivyo alijitafutia makubwa zaidi. Huyu mkubwa wangu ofisini alikuwa Sitwayeni kuliko wote, mikutanoni alipiga makofi mpaka mikono ikawa myekundu. Akivuka kizingiti cha nyumba yake, alitaka kuwa mzungu.

Siku ya kwanza aliniita jikoni. Alisafisha koo mara mbili, hm-hm, kama kawaida yake kabla ya kutoa amri.

"Mu ofisi banaita minye Sitwayeni. Hapa mu nyumba yangu minye njo Musiye. Unasikia?"

"Ndiyo, Sitwayeni."

"Hm-hm. Sema Musiye."

"Ndiyo, Musiye."

Mimi aliniita Boyi. Neno hilo nalo lilikatazwa. Aliliita kwa sauti ya juu, kutoka chumba chochote, na mimi nilijibu kutoka jikoni, kutwa nzima. Boyi! Ndiyo, Musiye. Nikikawia au nikikosea, hm-hm, Sema Musiye. Tundu la kasuku lilikuwa hapo hapo jikoni, karibu na kichwa changu.

Yule kasuku alikuwa fahari yake. Alijua kusema bonjour na kupiga mluzi kama king'ora cha kiwanda cha Shituru. Mkubwa alitaka wageni wote wamsikie. Lakini Likasi si mahali pa kasuku. Mwezi wa sita na wa saba, kipupwe kikishuka, asubuhi majani huwa meupe kwa barafu kule mabondeni, na kasuku ni wa msitu wa joto. Akipata baridi hujivimbisha kama mpira, huficha mguu mmoja tumboni, husinzia, hasemi kitu. Mke wa mzungu alikuwa akimwekea mfuko wa mpira wenye maji ya moto, akaondoka nao. Mkubwa akaniambia: "Ile ndeke ikikufa, na weye utakufa njaa." Basi nikajifunza. Nilifika darasa la tatu tu kwa mapadri, na huko hawakufundisha kumpasha ndege joto. Nilijifundisha mwenyewe.

Nilichukua tofali la udongo wa kichuguu, maana la saruji hupasuka. Nililiweka pembeni mwa mbabula, jiko letu la makala, yaani makaa, si juu ya makala yenyewe. Likishika moto nililitoa nikaliacha lipumzike, mpaka niweze kulishika kwa kiganja bila kumlaani mtu. Ndipo nililizungushia blanketi kuukuu mara mbili, nikaliweka chini ya tundu, upande mmoja tu. Wengi hukosea hapo. Wanampa mnyama joto kila upande, kama mkate ndani ya tanuru, na yeye hana pa kukimbilia likimzidi. Mwache achague mwenyewe. Pande tatu za tundu nilizifunika kwa shuka, wa nne nikauacha wazi apumue. Na mbabula ilikaa nje, chini ya dirisha, kwa sababu hewa ya makala humwua ndege kabla mtu hajaanza kuumwa kichwa.

Joto linalofaa ni kama shavu la mtoto anayeamka. Kipimo kingine sina, na sijahitaji kingine. Akilipata, kasuku hulegeza manyoya, husaga mdomo wake taratibu, huanza kunong'ona, halafu husema yote aliyoyasikia nyumbani humo.

Sasa mtoto. Nyuma ya nyumba kulikuwa na chumba kimoja cha mfanyakazi, tulikiita buyeri, sakafu ya saruji, dirisha bila kioo. Humo niliishi na mke wangu na binti yetu wa miaka miwili. Kipupwe cha kwanza binti akashikwa na kifua. Alikohoa kikohozi kikavu, cha mara tatu tatu, na mwishoni kama mluzi. Makala yote ya nyumba ile yalifungiwa stoo, na nilipewa ya kupikia na ya kasuku tu. Nikawa napasha matofali mawili pamoja, moja la ndege, moja la miguu ya binti. Sikuona aibu na sioni leo.

Kilichotuharibia ni kasuku mwenyewe. Alisikia kikohozi kupitia dirisha, akajifunza kukiiga. Mara tatu tatu, na mluzi mwishoni. Mke wa mkubwa alishtuka akiwa na wenzake sebuleni, akasema nyumba yake inanuka hospitali. Mkubwa akaniita.

"Ile mutoto wako anaharibisha ndeke yangu."

"Mutoto iko na baridi, Musiye. Mu chumba hamuna makala. Kama munatupa kiloko, kidogo tu—"

"Makala ni ya ndeke."

"Kifua yake inafungana, Musiye."

"Hm-hm. Kesho asubui bibi yako na mutoto batoke. Sitaki ndeke ikohowe mbele ya bageni."

Nilirudi buyeri. Mke wangu alikuwa amesikia yote, alikuwa tayari anafunga kitenge mgongoni.

"Na weye, baba mutoto, ulimujibu nini?"

"Nilimujibu ndiyo, Musiye."

Alikaza fundo la kitenge. "Basi, ulale na ile ndeke yenu muzuri. Umufunike miguu."

Akaenda kwa kaka yake, mtaa wa Kikula. Kaka yake alikuwa na watoto wengi, nafasi iliyobaki ni jiko la nje, kuta tatu na pazia la gunia mahali pa mlango. Kila jioni baada ya kazi nilifunga tofali la moto ndani ya koti langu, nikatembea kwa miguu hadi Kikula. Kutoka pale hadi kule tofali linapoa. Nilikimbia, likapoa. Nililifunga kwa magazeti na magunia, likafika na uvuguvugu kidogo tu, na binti yangu akalikumbatia kifuani kama mtu. Wiki ya pili alianza kupumua kwa mbavu. Mke wangu hakunisema tena kwa mzaha. Alisema tu, "Huyu mutoto hatamaliza mwezi humu." Tangu siku hiyo nilitaka vitu viwili: binti arudi kwenye chumba chenye joto, na mkubwa wangu aumie. Sitawadanganya kwamba nilitaka cha kwanza peke yake.

Nafasi ililetwa na yeye mwenyewe. Alikuwa anatafuta cheo, na cheo hakikupatikana bila neno zuri la mkubwa wa chama wa mji. Akamwalika kula Jumapili, baada ya misa. Akaniita mapema.

"Dimanche ile ndeke iseme. Unasikia? Iseme bonjour, ipige sirene. Na siku ile tu nitakuita Sitwayeni, na weye unaitika Sitwayeni. Usinipatishe haya."

"Ndiyo, Musiye."

Hakujua kasuku wake amejifunza nini tangu baridi ianze. Angejuaje? Jikoni hakukaa. Mimi nilijua. Jumapili asubuhi nilipasha matofali mawili, moja chini ya tundu, jingine pembeni mwa mbabula, nikayabadilisha kila yalipopoa. Sijawahi kumhudumia kiumbe kwa upole namna ile. Nilimpa karanga moja moja. Saa ya chakula alikuwa amelegea, anainamisha kichwa kila upande kama mwimbaji anayengoja ngoma. Nikambeba na joto lake lote, nikamweka kwenye kona ya chumba cha kulia.

Halafu nilifanya mambo mengine mawili. Samaki nilimtia pilipili nyingi, ile ndogo nyekundu, zaidi ya kawaida. Na jagi la maji nililiacha jikoni.

Mwanzo kila kitu kilikwenda kama alivyotaka. Kasuku alisema bonjour, mgeni akacheka. Alipiga king'ora cha kiwanda, mgeni akatazama saa yake, wakacheka wote. Mkubwa aling'aa. Aliniita kwa sauti ya asali, "Sitwayeni, leta bugali," nami nikaleta, nikatoka, nikasimama nyuma ya mlango wa jikoni.

Wakala samaki. Nikasikia mgeni anakohoa, mke wa mkubwa anakohoa. Mkubwa alitafuta maji mezani, hakuna. Macho yalikuwa yamemjaa machozi, mgeni wake anashika koo, na mtu aliyeshikwa na pilipili hakumbuki mafunzo. Akapiga kelele kama siku zote:

"Boyi!"

Mimi sikujibu. Nilishika jagi kwa mikono miwili, nikangoja.

"Ndiyo, Musiye," akasema kasuku.

Ilikuwa sauti yangu kabisa, na uchovu wangu ndani yake.

Mgeni aligeuza kichwa kuelekea kona. Halafu mkubwa akacheka, kicheko kirefu kisicho na kitu. "Ni muzungu njo aliifundisha. Njo ile ndeke ya muzungu, unaona, Sitwayeni, tulikuta—"

"Hm-hm," akasema kasuku. "Sema Musiye."

Koo lile mji mzima ulilijua. Kila mkutano alioongoza ulianza na koo lile. Mgeni aliweka uma chini polepole, akajifuta machozi ya pilipili, akamtazama ndege, akamtazama mwenyeji.

"Kumbe humu mwenu bado muko ba-Musiye," alisema. "Na ba-Boyi pia."

Hapo ndipo niliingia na maji. Nilimmiminia mgeni kwanza. "Maji, Sitwayeni," nikasema, na kumbe naye alikuwa ananitazama kwa muda mrefu kuliko mtu anayetazama jagi. Hakumaliza chakula.

Gari lake lilipotoka mkubwa alinifuata jikoni, akanipiga kofi la sikio. Nilikuwa nimelingoja pia.

"Piga na lingine, Sitwayeni," nilimwambia. "Kesho ku mukutano ya chama batauliza hii alama inatoka wapi, na minye sijui kudanganya, sikusoma."

Mkono wake ulibaki juu. Aliushusha.

"Unataka nini?"

"Bibi na mutoto barudie leo. Na funguo ya makala ikae kwangu."

"Unaniua."

"Hapana. Unasikia tu baridi."

Alinitupia funguo chini, nami niliziokota bila haya. Kabla jua halijazama nilikuwa nimembeba binti yangu kutoka Kikula mgongoni mwangu, na mbabula ilikuwa inawaka nje ya dirisha la buyeri, na matofali manne pembeni yake. Alichukua mwezi mzima kupona. Nilimfanyia kama nilivyomfanyia kasuku, joto upande mmoja, pumzi upande mwingine, mpaka mbavu zikatulia.

Cheo hakikuja. Baada ya kipupwe mkubwa alipelekwa Kakanda, ofisi ndogo, nyumba ndogo isiyo na buyeri. Watoto wake watatu hawakuwa wamenikosea kitu, na siku ya kuhama mmoja alilia akishika mlango. Niliona. Nilifurahi hata hivyo, na naandika kwamba nilifurahi kwa sababu wazee wenzangu wakiandika mambo yao hujifanya walisamehe.

Kasuku aliachwa. Hakuna aliyemtaka, wote waliogopa mdomo wake. Nikamchukua, na kwa ajili yake nilitengeneza sanduku la mbao lenye droo ya chini, ya kutia tofali, na ukuta katikati ili mnyama achague. Mgriki mmoja mwenye duka akaliona, akataka la paka wake. Halafu daktari, kwa watoto wa mbwa waliofiwa na mama. Watu wa mtaa walicheka, wakaniita muganga wa imbwa. Waliocheka walikuja baadaye kuniomba kazi, wawili niliwapa, mmoja nilimnyima.

Miaka mingi baadaye, kampuni ikiwa imeanza kuyumba, mke wa yule mkubwa alikuja kwenye karakana yangu. Hakunitambua mara moja. Alikuwa na mbwa mdogo ndani ya kikapu, anatetemeka, alitaka sanduku. Nilimgusa mbwa masikio, yalikuwa baridi. Nikamfunga yule mbwa kwa kitambaa kilichokuwa juani, nikampa mama maelezo yote ya tofali, maana mbwa hakunifukuzia mtu. Kuhusu sanduku nilimwambia mbao zimeisha. Zilikuwa zimepangwa nyuma yangu hadi darini, akaziona, akanitazama tena, sasa akanitambua. Alinyanyua kikapu, akaondoka.

Leo nina nyumba ya matofali ya kuchoma Kikula, vyumba vitano, paa la bati. Nina karakana na mashine mbili za kukata mbao. Nina shamba la mahindi upande wa Buluo, na kisima. Nina baiskeli mbili na pikipiki moja isiyowaka. Nina mke yule yule. Nina watoto sita wazima, wa kwanza ni yule binti, sasa ni nesi. Nina mbwa watatu, paka, na suti mbili na tai zake.