Jino la Shangazi

Daktari amenivika kofia ya jino, akanionya nisije nikaisugua kwa majivu. Alipotamka majivu tu, nikasikia harufu ya mabua ya alizeti yaliyoungua, nikamwona shangazi.

Jino lake la mbele lilivikwa dhahabu. Kila asubuhi alilisugua kwa majivu hadi liwake, mimi nikimshikia kioo. Sikumpenda, na kufa kwake hakujanibadilisha. Meno ya mama yalikuwa ya kahawia kwa maji ya chumvi ya kisima chetu, na wageni wakija shangazi alimwambia, "Wifi, funga mdomo, unatutia aibu."

Mama alimchekechea majivu, akampelekea kwenye kibakuli, amepiga magoti kwa heshima zote. Mama huyo huyo aliwahi kunichapa kwa kusugua kwa majivu kikombe chake chenye ukingo wa dhahabu. "Majivu yanakula rangi," alisema.

Kufikia mavuno, dhahabu ya shangazi ilikuwa imelika, chuma cheusi cha chini yake kimetokeza. Alikitazama kwenye kioo mikononi mwangu. Mama akaja na kibakuli, akapiga magoti.

"Nikuongezee, wifi?"