Kiswahili Alichokijua Jajja Kagoya

Siku yangu ya kwanza kazini, katika hospitali ya Mbale, sista mkuu hakunikabidhi faili hata moja. Alinipeleka kwenye chumba chenye viti viwili vilivyotazamana, akaniambia nivigeuze vikae ubavu kwa ubavu. "Anayekuja hapa si mshtakiwa," alisema. "Usimkodolee macho." Kisha akanifundisha maana ya usiri: yanayosemwa kwenye kikao hubaki kwenye kikao, hata mume wa mtu akija kuuliza.

Nilitoka Nakaloke, binti wa mwalimu wa madrasa, na nilidhani ushauri nasaha ni kutoa nasaha. Wiki ileile nilimnasihi mama mmoja nusu saa nzima. Alipoondoka, sista mkuu aliniuliza, "Na yeye amesema nini?"

Miaka ya Mbale ilinifundisha kwamba kila umri una namna yake ya kuumia. Mtoto hasemi ana huzuni. Husema tumbo linamuuma. Tulimpa udongo afinyange watu wa nyumbani kwao, tukaangalia nani amewekwa mbali. Kijana hukasirika, na akiwa kitini hasemi kitu, kwa hiyo nilitembea naye uani. Mzazi aliyejifungua karibuni hulia asijue sababu, na wakwe humwita mvivu. Hapo niliwaita wakwe. Lakini wazee ndio walionishangaza zaidi. Sonona, ile huzuni nzito inayomnyima mtu usingizi na hamu ya chakula, kwa mzee hujificha ndani ya ukimya, na watu wa nyumbani husema ni uzee tu.

Baadaye nilihamishiwa Jinja, nikapanga nyumba Nalufenya. Mkubwa wangu sasa alikuwa daktari wa kitengo cha afya ya akili, mtu wa maneno machache. Hapo ndipo alipoletwa Jajja Kagoya. Jajja ndivyo tunavyowaita bibi zetu. Jina nimelibadilisha. Kisa, mwenyewe aliniruhusu nikisimulie.

Binti yake Mutesi, muuza nguo wa Bugembe, alieleza kwamba mama hajatamka neno kwa wiki tatu, na anapokea vijiko viwili vya uji tu kwa siku. Ilianza siku mjukuu wake, mwanajeshi, alipokuja kumsalimia. Kijana mwema, alileta sukari na sabuni. Daktari aliniambia waziwazi kwamba mwili wa mama huyu umebakiza siku chache; asipokula, tutampoteza.

Nilimwona amejifunga kitambaa kichwani, nikadhani ni Mwislamu mwenzangu, na sisi Waislamu wa huku tunaongea Kiswahili hata nyumbani. Nikamwambia kwa upole kabisa, "Karibu, mama. Kaa chini."

Jajja aliteremka sakafuni, akanyoosha miguu, akaweka mikono yote miwili juu ya kichwa, akafumba macho.

Nilikuwa nimesahau kwamba kwa wengi wa rika lake Kiswahili ni lugha ya askari wa miaka ile ya utawala wa kijeshi. Nami nikakaa sakafuni kando yake. Daktari aliposikia hakunigombeza. "Amekuonyesha panapouma," alisema. "Sasa ngoja." Hali ile aliiita kiwewe: hatari ilikwisha zamani, ila mwili haujaambiwa.

Nikangoja. Vikao vinne, kimoja kila siku, nilikaa naye mkekani, nikiongea lugha yake, Kisoga changu kibovu, kuhusu mvua na migomba, na Mutesi akimlisha uji kijiko kwa kijiko. Kikao cha tano Jajja alinigeukia, akaniambia kwa Kisoga kwamba naongea kama mtu aliyeteremka jana kutoka mlimani huko Mbale. Mutesi alicheka mpaka akalia.

Kikao kilichofuata alimwomba binti yake atoke. Kisha akaanza kusema Kiswahili. Nilimwambia si lazima, Kisoga kinatosha.

"Hapana. Hii maneno Kisoga haina," alisema. "Ile siku ilikuwa Kiswahili."

Alisimulia polepole. Alikuwa mke kijana. Askari walikuja asubuhi, wakamkalisha chini uani, mikono kichwani. Kiswahili hakukijua, ila maneno mawili aliyofundishwa na jirani: askari akikuuliza lolote, jibu hivi, utapona. Waliuliza kitu. Akajibu, "Ndiyo, afande." Wakauliza tena, akajibu vilevile. Wakaingia ndani, wakamtoa mume wake, na hakurudi.

Miaka ikapita. Akawa anawauzia nyanya madereva wa Kenya kando ya barabara, akaokota lugha yao kidogo kidogo. Siku moja, akipanga nyanya, akayaelewa maneno yaliyokuwa masikioni mwake muda wote ule: "Bwana yako yuko ndani?"

Hakumwambia mtu. Akaishi nayo, mpaka mjukuu, katikati ya salamu, alipopokea simu ya mkubwa wake na kusema, "Ndiyo, afande."

Nimesoma dini tangu utotoni, na kazi hii niliisomea, lakini pale mkekani si mimi niliyeongoza. Yeye ndiye aliyeuliza.

"Wewe mtu ya dini. Mungu anajua Kiswahili?"

"Anajua, jajja."

Alilaza kiganja juu ya mkeka.

"Basi anajua ile siku mimi nilikuwa hapana jua."

Sasa nimestaafu, na vijana wanaoanza kazi hii huja kuniuliza nilitumia mbinu gani. Nawaambia nilijibu neno moja, nalo sikulitunga mimi. Kila baada ya sala ya alfajiri namshukuru Mola kwamba kati ya watu wote aliniketisha mimi mahali pale nisikie. Hofu ile niliyoihisi, ya kusimama mbele ya kitu kikubwa kuliko mimi, haijanitoka, na siombi initoke.

Siku ile, kabla kikao hakijaisha, Jajja alimwita Mutesi ndani, akamwagiza ampigie mjukuu simu. "Aje na nguo yake ya kazi," alisema. "Nataka kumwona." Kisha akaomba uji, akakishika kikombe mwenyewe.